Fleming: kabla ya penisilini kulikuwa na kamasi

Wadau, Alexander Fleming tunamjua toka skuli: penisilini, 1928, basi. Lakini jamaa alianzia kwenye kamasi.

Kazaliwa Scotland 1881, mtoto wa mkulima. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta daktari Ufaransa, akaona dawa kali wanazomiminiwa askari kwenye vidonda zinaua seli nyeupe za damu kuliko vijidudu. Mlinzi anakufa, mwizi yumo ndani!

Mwaka 1921, London, akashikwa na mafua. Akatia kamasi zake kwenye bakteria aliowaotesha maabara, wakayeyuka. Kumbe mwili una dawa yake! Akaiita laisozaimu. Akaikuta hata kwenye machozi (watu walikamuliwa ndimu machoni ili walie, masikini). Ila vijidudu vingi vya maradhi makali haiviwezi, penisilini ilipokuja ikaifunika.

Nobel akapata 1945, na mwaka huohuo akaonya kuwa dozi pungufu huzaa bakteria sugu. Akafa 1955.

Sisi huku Unguja bado tunakatiza dozi tukijisikia nafuu tu. Usugu umeshaenea dunia nzima, ndo maana wataalamu wamerudi kwenye dawa za mwilini: vipande vidogo vya protini, mfano LL-37, vinavyotoboa utando wa bakteria. Tabu yake huvunjika haraka, na vikizidi vinadhuru hata seli zetu wenyewe. Hapo ndo kazi ilipo.