Msiri wa Bunkeya: mchuuzi aliyejua kusema hapana

Kila tarehe 20 Desemba, Bunkeya, katika teritwari ya Lubudi, inajaa watu. Wayeke wanamkumbuka Mwami Msiri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Wengi wanamjua kama mfalme. Lakini kabla ya ufalme alikuwa mchuuzi, na mengi aliyopata aliyapata kwa kupatana.

Jina lake lilikuwa Ngelengwa. Alitoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa akija Katanga kununua shaba, na alifanya udugu na machifu wa huku. Kijana akafuata njia ileile, na karibu mwaka 1856 akabaki. Yeye alikuwa na bunduki. Machifu walikuwa na shaba, pembe na maadui. Akawasaidia vitani, akapewa mahali pa kukaa, kisha wake, kisha ardhi. Pale maneno yaliposhindwa, alitumia nguvu.

Bunkeya ikawa soko kubwa. Shaba, chumvi, pembe na hata watumwa walitoka. Nguo, bunduki na baruti ziliingia. Siri yake ni kwamba hakutegemea mnunuzi mmoja. Misafara ya Waswahili ilitoka mashariki, ile ya watu wa Bihe ilitoka Angola. Huyu akiminya bei, yule yuko njiani. Alioa hata Maria de Fonseca, mwanamke wa upande wa Waportugali wa Angola, na njia ile ikakaa wazi.

Mwaka 1886 alimpokea mmisionari Frederick Arnot. Mwishoni mwa 1890 akaja Alfred Sharpe, mtu wa kampuni ya Cecil Rhodes, na karatasi ya kutia sahihi. Msiri aliona kwamba ile karatasi inataka nchi yake, akakataa. Sharpe akarudi mikono mitupu.

Ila nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Wasanga walichoka na ukali wake, na mwaka 1891 wakaasi. Baruti ikapungua. Kapiteni William Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Leopold II, alipofika Desemba, alimkuta mzee aliyebakiwa na kitu kimoja tu mkononi: hapana yake. Hakuiachilia. Stairs akapandisha bendera bila ruhusa. Kesho yake afisa Omer Bodson akampiga Msiri risasi. Bodson naye akauawa. Mwanawe Mukanda-Bantu ndiye aliyekubali masharti.

Leo, mwenye kuuza mawe kwenye depo za Kolwezi, ao mwenye kutia sahihi mkataba wa kazi, ana cha kuchukua hapo. Uliza bei kwa zaidi ya mnunuzi mmoja. Karatasi usiyoielewa, isomewe kwanza. Na kabla ya kwenda kubishana na mkubwa, patana na wenzako: Msiri alijua yale mawili, hili la tatu likamshinda.