JOHN BROWNING, FUNDI WA PISTOLE

Katika namba hii tunaeleza maisha ya fundi mumoja. Jina lake wengi wanalijua, lakini mutu mwenyewe hawamujui. Katika Kifaransa watu walizoea kuita pistole «browning», sawa vile jina la mutu linageuka jina la kitu. Mutu huyo ni John Moses Browning.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 huko Ogden, Utah, katika Marekani. Baba yake Jonathan alikuwa fundi wa bunduki, mwenye watoto 22. John alikomalia ndani ya atelie ya baba, katikati ya nyundo na tupa. Mwaka 1879 alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, juu ya bunduki ya risasi moja. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilinunua kazi hiyo kwa dola 8.000. Mwaka 1887 aliacha atelie, akaenda Georgia kuhubiri dini yake ya Wamormoni karibu miaka miwili. Kiisha akarudi kwa vyuma vyake.

Sasa tuangalie akili yake ilikuwa wapi. Kila bunduki inapopiga, inasukuma bega la mwenye kuishika. Watu wote walijua hivyo, lakini wengi waliona ni taabu tu. Browning aliona ni nguvu inayopotea bure, akatafuta namna ya kuifanyisha kazi.

Katika pistole yake ya kwanza iliyotoka kwa usine, mambo yanakwenda hivi. Baruti ikiwaka, moshi wake wa nguvu unasukuma risasi mbele, na ganda unalisukuma nyuma. Nyuma ya ganda kuna chuma kizito kinachoteleza. Juu ya uzito wake, na juu ya resori iliyolala juu ya mutututu, chuma hicho kinachelewa kidogo, mpaka risasi imekwisha kutoka. Halafu kinarudi nyuma, kinatupa ganda tupu inje. Resori inakirudisha mbele, nacho kinachukua risasi ingine kutoka ndani ya mushikio, mahali risasi 7 zinapangwa. Mutu anavuta kidole paka mara moja kwa kila risasi. Kazi ingine yote pistole inajifanyia. Njo maana inaitwa ya nusu-otomatiki.

Mwaka 1897 Browning alipatana na usine ya Wabelgiji, Fabrique Nationale, kule Herstal karibu na Liège. Usine hiyo ilianzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza bunduki za jeshi la Ubelgiji. Pistole ilianza kutengenezwa mwaka 1899, na mwaka 1900 jeshi la Ubelgiji likaikubali. Ilikuwa nyembamba, ya kuingia mufukoni. Zaidi ya 700.000 zilitengenezwa.

Lakini kitu cha kuingia mufukoni kinafichika vilevile. Tarehe 28 Juni 1914, kijana Gavrilo Princip aliua murithi wa ufalme wa Austria na bibi yake katika muji wa Sarajevo. Silaha yake ilikuwa pistole ya Browning ya mwaka 1910, kutoka usine ileile ya Herstal. Vita ilikuwa na sababu nyingi, hatuwezi kuitwika pistole moja. Lakini kibiriti kilichowasha ni hicho. Mwezi wa Agosti Wajerumani waliingia Ubelgiji, na Liège, muji jirani wa usine, ulikuwa kati ya miji ya kwanza kupigwa.

Mwezi uleule meli ya Wajerumani ilipiga Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Lubumbashi yetu, wakati ule Elisabethville, ilikuwa na miaka 4 tu. Askari wa Force Publique walikwenda mpaka Tabora, wakaingia tarehe 19 Septemba 1916, na wapagazi wengi walibeba muzigo yao kwa kichwa. Wengi hawakurudi kwao. Nani kati yao alisikia jina la Sarajevo?

Browning alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Novemba 1926, palepale kwa usine ya Herstal, akiwa na miaka 71, mwenye hati 128 za uvumbuzi. Pistole aliyoanza wakati ule ilimalizwa na Dieudonné Saive mwaka 1935.

Sisi tunaosoma ufundi tunasifu macho yake, juu aliona nguvu mahali wengine waliona taabu. Hilo tulifuate. Lakini fundi akimaliza kitu, kinatoka mukononi mwake, nacho hakiulizi kinakwenda kwa nani. Basi ulizo tunawaachia, tulizungumze ku masomo na ku nyumba: sisi tukipata akili kama ile, tutaitengenezea nini?