Chapo yako ya Maua na mvulana aliyevuka bahari akiwa na miaka 12

Umeshuka matatu Maua asubuhi na mapema. Baridi ya milima ya Nyambene inakuuma masikio, upande wa pili wa barabara miraa inapakiwa haraka haraka, na mbele yako kuna kibanda. Unaagiza chapo ndengu na chai ya tangawizi. Mama anakuuliza kama utaongeza samosa ama bajia. Unaongeza zote mbili, kwa nini ujinyime?

Ukiulizwa, utasema hiki ni chakula cha kwetu. Hujakosea. Lakini chapati, samosa na bajia ni majina yaliyovuka bahari pamoja na watu kutoka India. Basi kula polepole, nikusimulie maisha ya mmoja wao: Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni kukavu, mvua huko ni bahati nasibu. Mkate wa watu wa huko huitwa rotlo na hupikwa kwa unga wa uwele, nafaka ile ile inayolimwa na jirani zako wa Tharaka kule chini kwenye joto. Huliwa kwa samli na sukari guru. Ni mtamu, lakini shamba kavu halilishi kila mtu, ndiyo maana vijana wengi wa Kutch walitafuta riziki ng'ambo.

Allidina aliondoka akiwa na miaka 12 tu. Fikiria wewe ulikuwa unafanya nini umri huo! Alifika Bagamoyo mfukoni hana kitu, akaajiriwa na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Hapo ndipo alipojifunza kazi: nguo na chumvi ziende, pembe za ndovu na nta zirudi. Tusifiche ukweli, biashara hiyo ilimaliza ndovu wengi, na mizigo yote ilibebwa na wapagazi Waafrika kwa mwendo wa miezi.

Sewa Haji alifariki mwaka wa 1897. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeanza kujengwa, na ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Watu wote hao walihitaji unga wa ngano, mchele, dengu, samli na viungo. Allidina akaiona nafasi. Alifungua maduka kando ya reli na kuwauzia vyakula, kisha akasonga hadi Kampala, ambako baadaye aliwekeza katika viwanda vya kuchambua pamba. Vijana waliofika kutoka kwao aliwapa bidhaa kwa mkopo ili wafungue viduka vyao mbali zaidi.

Sasa usiniwekee maneno mdomoni. Sijasema Allidina ndiye aliyeleta chapati Maua. Reli hiyo haikupanda Nyambene, na watu wa Pwani walifanya biashara na Wahindi karne nyingi kabla hajazaliwa. Alichofanya yeye na wenzake ni kuweka duka baada ya duka, hadi unga na bizari vikapatikana mbali na bahari. Yaliyobaki yalifanywa na mama zetu: walikanda, wakasukuma, wakaifanya chapati kuwa chakula cha Krismasi.

Allidina alifariki mwaka wa 1916. Utajiri wake haukudumu miaka mingi baada yake. Jina lake limebaki kwenye shule ya upili ya Allidina Visram jijini Mombasa, iliyojengwa na mwanawe kwa kumbukumbu yake.

Na hapa ndipo chapo inakwama kooni kidogo. Mwaka wa 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, nchi ile ile ambayo Allidina alikuwa ameijenga kibiashara. Watu walifukuzwa, chapati ikabaki. Leo Waganda wanaikunjia mayai na kuiita rolex, na wanajivunia kweli kweli. Hapa Kenya, Wakenya wa asili ya Kiasia walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017. Hesabu mwenyewe: miaka zaidi ya 100 baada ya reli kufika Kisumu. Tulikipokea chakula upesi, wenyewe tukawaacha mlangoni.

Kwa hivyo siku ukiwa Nairobi ama Mombasa, usiishie kwenye chapo. Onja kachori, onja jalebi ikiwa bado moto, jaribu chevda yenye pilipili. Na muuzaji akikuambia babu yake alizaliwa hapa, usimuulize tena kwao ni wapi. Agiza nyingine.