Shaaban Robert: Karani Aliyetuachia Urithi

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali, lakini alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, wawe na wosia wa kuwaongoza.

Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Mshairi huyu wa Kiswahili hakuwa na nafasi. Mwezi huohuo alifariki.

Hata hivyo, sisi tuliokuwa tukizungumza Kifipa nyumbani tulizikuta tungo zake darasani, tukazikariri. Leo Sumbawanga bado tunao watoto wanaogawana kitabu. Mchango wako wa mwaka huu ni wa vitabu vyao. Tusiwaache nje ya mlango.