Mtemi Mirambo wa Urambo

Wilaya yetu hii ya Dowa ina Wachewa, na ina Wangoni pia, wale waliomfuata Chiwere. Akaaye Dzaleka huwasikia wakitajwa, iwe sokoni au njiani kwenda Lilongwe. Lakini wengi wetu tuliotoka pande za Ziwa Tanganyika hatujui kuwa vita vya Wangoni vilifika hata huko, na kwamba aliyejifunza kwao kuliko wote hakuwa Mngoni. Alikuwa Mnyamwezi, jina lake Mirambo.

Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka wa 1835 chini ya mkuu wao Zwangendaba, wakapita katika nchi hii ambayo leo ni Malawi, wakaendelea kaskazini hata Ufipa. Huko Zwangendaba akafa yapata mwaka wa 1848, na watu wake wakagawanyika. Wengine wakarudi kusini, na hao ndio asili ya Wangoni wa Mzimba na wa hapa Dowa. Wengine, walioitwa Watuta, wakashika njia ya kaskazini, wakipiga nchi moja baada ya nyingine mpaka Unyamwezi.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka wa 1840 katika jamaa ya watemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana Watuta walimchukua mateka, akakaa kwao, akayatazama mambo yao kwa makini: jinsi vijana wa rika moja walivyowekwa kikosi kimoja, jinsi walivyokwenda mbio, na jinsi mateka wa jana alivyofanywa askari wa leo. Aliporithi utemi, nchi yake ilikuwa ndogo sana. Mtu mwingine angalitulia na hongo ya misafara michache. Yeye akakusanya vijana.

Hao ndio rugaruga. Walikuwa watoro, mateka, wapagazi waliochoka na mizigo, na vijana wasio na mke wala shamba. Mirambo aliona kwamba mwenye nyumba na watoto hufikiri mara mbili kabla ya kurukia boma la adui, na kwa hiyo aliwapenda wasio na kitu. Aliwapa bunduki za gumegume, akawafundisha kutembea usiku na kushambulia alfajiri. Mwenyewe alikwenda nao mbele, akala walichokula. Baada ya vita aligawa nyara. Kijiji kilichokubali amri yake kilibaki na watu wake, bali kilichokataa kilichomwa moto. Tusimpambe kwa maua: wanawake na watoto wengi walilia kwa ajili yake, na watu walitekwa wakawa watumwa.

Adui yake mkubwa alikuwa Tabora. Waarabu wa pale, pamoja na mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe waliyemweka wenyewe, walitaka biashara ya pembe ipite mikononi mwao tu. Mwaka wa 1871 Mirambo akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakakusanya jeshi, na Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta Livingstone, akafuatana nao. Kikosi kimoja, chini ya kijana Saud bin Said, kikaliingia boma la Wilyankuru. Mirambo hakung'ang'ania boma lake. Alitoka kwa mlango mwingine na watu wake, akajificha katika majani marefu kando ya njia, akangoja. Washindi walirudi wakiwa wameelemewa na pembe na mateka, bunduki zikiwa hazina kazi. Hapo ndipo rugaruga walipoinuka pande zote mbili za njia. Saud akafa na wengi wa watu wake, na nyara zote zikarudi kwa mwenyewe. Jeshi lililobaki likatawanyika, Stanley naye akiwemo katika waliorudi nyuma. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akamwua Khamis bin Abdullah, akachoma sehemu kubwa ya mji.

Vita viliendelea mpaka mwaka wa 1875. Sultani Barghash wa Unguja alipeleka askari, wasiweze kummaliza. Lakini Mirambo naye hakuweza kuishika Tabora, na nadhani hapa ndipo akili yake ilipoonekana zaidi kuliko pale Wilyankuru. Aliona kwamba njia iliyofungwa humnyima adui chumvi na nguo, lakini humnyima na mwenye kuifunga baruti. Akafanya amani. Mwaka wa 1876 akakutana na Stanley, yule yule adui wa zamani, wakachanjiana damu. Stanley alitazamia kumwona jambazi, akakuta mtu mpole wa maneno, naye akamlinganisha na Bonaparte wa Ufaransa. Tangu hapo Mirambo alitafuta urafiki wa Waingereza, na mwaka wa 1879 alimkaribisha kwake Southon, mganga wa misheni. Njia mpya za biashara zikaanza kuelekea Urambo.

Kisha mwaka wa 1880 yakatokea ya Mpimbwe. Rugaruga wake walikuwa wakipiga boma la huko, na ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, watumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wakauawa. Mirambo alitoa udhuru, lakini Kirk, balozi wa Kiingereza huko Unguja, hakumtazama tena kama zamani. Kazi ya miaka mingi iliharibika asubuhi moja kwa mikono ya askari wake mwenyewe. Vijana wasio na nyumba ni wepesi kuwatuma vitani, wala si wepesi kuwazuia.

Mirambo aliugua koo, akafa tarehe 2 Desemba 1884. Utemi ukashikwa na nduguye Mpandashalo, aliyekuwa shujaa, lakini nchi ile haikuwa imefungwa kwa sheria, wala kwa baraza lenye nguvu. Ilifungwa kwa mtu mmoja. Watemi waliotii kwa hofu wakajitenga, na rugaruga wakaenda kila mtu kutafuta bwana wake. Haikupita miaka kumi Wajerumani wakaitawala Unyamwezi yote, na huko Tabora mtemi Isike akajilipua kwa baruti mwaka wa 1893 asishikwe nao.

Mwenye kufika Tabora leo ataona kambi ya jeshi la Tanzania iitwayo Mirambo, na shule ya sekondari iitwayo Milambo. Zote mbili zimo katika mji ule ule alioupiga asiupate.