Adriano Atiman, Tabibu na Katekista wa Karema

Tukitaja Mtabila hapa Kasulu, wengi tunakumbuka kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwaka 2012. Vita vinapowasonga watu mahali pamoja, maradhi hayakawii. Jambo hilo alilijua vema mtumishi mmoja wa Ziwa Tanganyika, Adriano Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, nchini Mali. Akiwa mtoto aliibwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa huko Aljeria. Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wahudumiwe na Waafrika wenzao, hivyo kijana Atiman alipelekwa Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, ambayo leo imo katika Jimbo la Mpanda.

Alikuta nchi iliyochoshwa na vita vya watumwa. Watu walikimbilia misioni kutafuta usalama, na palipo na msongamano homa, kuhara na ndui hupata njia. Ndui haikuwa na dawa. Kinga ilikuwa kuchanja wazima na kuwatenga wagonjwa mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale nayo ilienea mwambao wa ziwa. Wajerumani waliamuru vichaka vifyekwe ili mbung'o wakose maficho. Kisha vikaja vita vya 1914, meli zikapigana ziwani, na mwaka 1916 Wabelgiji wakaitwaa Kigoma. Serikali zilibadilika, Atiman akabaki na wagonjwa wake.

Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Hakuwa mtawa wala padre: alikuwa mlei, mume na baba, aliyetibu na kufundisha dini hadi kifo chake mwaka 1956, baada ya miaka 67 Karema.

Sisi waseminari tujifunze nini? Aliyeuzwa kama bidhaa hakulipiza kisasi. Aliwainamia waliovunjwa na ubaya ule ule uliomvunja yeye. Nanyi waumini wa parokiani, jirani akipatwa na kipindupindu au surua, msimfiche wala kumkimbia. Mpelekeni zahanati mapema, chemsheni maji, wapelekeni watoto wakachanjwe. Hiyo nayo ni sadaka.