Tartini na barua ya upinde

Wakati wa BTP mwaka jana niliwaambia vijana wa kidato cha pili wakafanye mazoezi nyumbani. Basi, nikaishia hapo. Walirudi na makosa yaleyale, ila safari hii wameyaandika kwa haraka zaidi. Niliwalaumu wao, mpaka niliposoma habari za Giuseppe Tartini, mpiga fidla wa zamani.

Alizaliwa mwaka 1692 Pirano, mji wa pwani ambao leo uko Slovenia. Alikwenda Padua kusoma sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye upanga na fidla. Akiwa na miaka 18 akaoa, wakubwa wakachukia, ikabidi akimbilie kwa watawa wa Assisi. (Jamani, tusidhani mambo ya chuo tumeyaanza sisi.)

Mwaka 1716 alimsikia Veracini akipiga Venice, akaona yeye bado. Akajitenga Ancona, na huko hakutafuta nyimbo mpya. Alirudi kwenye upinde, namna ya kuuvuta na kuusukuma. Miaka mitano baadaye akapata kazi katika kanisa kubwa la Mtakatifu Antonio, Padua, kisha akaanzisha shule iliyovuta wanafunzi wa nchi nyingi za Ulaya.

Ila kilichonikamata ni barua moja ya Machi 1760. Mzee ana miaka 67, anamwandikia Maddalena Lombardini, binti wa miaka 14 aliyelelewa kwenye taasisi ya Mendicanti, Venice. Hawezi kumshika mkono, kwa hiyo inabidi maneno yafanye kazi hiyo. Anamwambia upinde uguse uzi kwa wepesi, sauti ianze kama pumzi, wala si kama kofi. Apige nyuzi tupu bila kubonyeza kidole, sauti itoke ndogo kabisa, ikue, kisha ipungue hadi ipotee. Saa moja kwa siku, lakini aigawe: kidogo asubuhi, kidogo jioni. Anamwonya kwamba hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote. Baada ya hapo achukue kipande cha Corelli, aongeze mwendo siku hadi siku, kwanza kwa ncha ya upinde, halafu asogee kuelekea katikati. Hata mtetemo wa kidole uanze polepole.

Soma tena uone: kila zoezi lina muda wake, mahali pa kuanzia na kitu cha kusikiliza. Binti akiwa peke yake chumbani anaweza kujua kama amepatia au amekosea. Vijana wangu wa kidato cha pili wangejuaje?

Tartini alifariki Februari 1770, na barua ikachapishwa mwaka huohuo. Maddalena, wakati huo Bibi Sirmen, alikuwa ameshapiga Paris. Mwaka uliofuata akapiga London. Konserto za fidla alizotunga mwenyewe nazo zilichapishwa.